Kete moja kwenye bao la sayari

Agosti 2025, usiku wa kuamkia tarehe 12, kila aliyetoka nje kabla ya Alfajiri hapa Wete, Pemba, aliona nyota mbili kubwa upande wa mashariki zimebanana kama watu wanaonong'onezana. Ile iliyong'aa zaidi ilikuwa Zuhura, mwenziwe Mshtarii. Ukinyoosha mkono, ncha ya kidole cha mwisho ilitosha kuzifunika zote mbili. Ami yangu, ambaye amevua zaidi ya miaka arobaini na hahitaji saa kujua maji yamefika wapi, alinipigia simu kutoka pwani. Kijana mmoja wa chombo chake alikuwa amepokea video ya WhatsApp, yenye sauti nzito na muziki wa kutisha, ikisema sayari hizo zinakaribia kugongana.

"Mwanangu," akaniambia, "wewe uliyesoma, hivi vitu vinapigana au havipigani? Maana hawa hawataki kutia chombo majini."

Nilimjibu palepale kuwa havipigani. Asubuhi ile Mshtarii ilikuwa mbali kuliko Zuhura kwa zaidi ya kilomita milioni 600. Mvuvi yeyote analijua jambo hili bila ya darasa: taa ya ngalawa iliyo karibu na taa ya meli iliyo kwenye upeo wa macho zinaweza kukaa mstari mmoja ukadhani zinagusana, kumbe baina yao pana bahari nzima. Akaridhika, na vijana wakaingia chomboni. Lakini kabla hajakata simu akaongeza: "Na siku nyengine je? Hata baadaye sana, havitapigana?"

Hapo nikakwama. Nasomesha fizikia, na najua kuwa swali hilo limewatoa jasho watu wenye akili kunishinda mimi kwa zaidi ya miaka mia tatu. Jibu fupi ni kwamba upo uwezekano mdogo, wa kama moja katika mia, kuwa sayari zilizo karibu na jua zitavurugika kabla jua lenyewe halijafikia mwisho wake, na hakuna mtu wala kompyuta ya kukwambia kama bahati yetu ni ile tisini na tisa au ile moja. Jibu refu ndilo nililompa ami jioni ya pili yake barazani, baada ya Laasiri, bao likiwa katikati yetu.

Tuanze na nafasi, kwa sababu picha za vitabuni zimetuharibu macho. Zinachora sayari zimepangana kama shanga, mtu akaona ajabu kuwa bado hazijagongana. Chukua dafu lenye upana wa sentimita 20, uliweke gatini bandarini Wete. Hilo ndilo jua. Utaridi, ambayo vitabu vyengine vya skuli huiita Zebaki, ni chembe ya mchanga iliyo mita 8 kutoka kwenye dafu. Zuhura ni punje ya uwele, mita 15 na nusu. Dunia yetu ni punje nyengine ya uwele, mita 21 na nusu. Mirihi ni chembe ya milimita moja, mita 33. Kisha unakwenda hatua nyingi hukuti kitu, hadi Mshtarii, mkubwa wao, ambaye ni kunazi moja iliyo mita 112 kutoka gatini. Neptuni iko zaidi ya mita 640. Ukiacha Zohali na Uranus, zilizo baina ya Mshtarii na Neptuni, katika eneo lote hilo hamna kitu chengine cha maana isipokuwa vumbi. Ukimwambia mtu punje ya uwele iliyo hapa itagongana na chembe iliyo kule, atakucheka.

Isitoshe, hata njia zikikatana, si lazima wapitaji wakutane. Pluto hukata njia ya Neptuni. Kuanzia 1979 hadi 1999 ilikuwa karibu na jua kuliko Neptuni, na hakuna kilichotokea. Sababu ni ratiba. Neptuni hulizunguka jua kwa miaka kama 165, Pluto kwa miaka kama 248. Neptuni ikimaliza mizunguko mitatu, Pluto imemaliza miwili. Kila Pluto inapofika pale njia zinapokaribiana, Neptuni iko mbali. Ni kama boti mbili za Unguja na Pemba zinazopita mkondo mmoja kila siku, moja asubuhi, moja jioni, na manahodha wake hawajawahi kuonana baharini.

Kwa hivyo wasiwasi si kwamba leo njia zimekaribiana. Wasiwasi ni kama njia zenyewe zitabaki pale zilipo.

Mwaka 1609 Johannes Kepler alionyesha kuwa sayari haizunguki kwa duara kamili bali kwa duaradufu, yaani duara lililobonyezwa kidogo, na mwaka 1687 Isaac Newton akatoa sababu: kila kitu huvuta kila kitu. Kama mbinguni pangekuwa na jua na sayari moja tu, mambo yangekwisha hapo. Duaradufu ingejirudia ileile milele, na mtoto wa sekondari angeweza kukupa hesabu yake. Lakini "kila kitu huvuta kila kitu" maana yake ni kuwa Mshtarii nayo inaivuta Dunia, na Dunia inaivuta Zuhura, na Zuhura inaivuta Utaridi. Mshtarii ina kama sehemu moja ya elfu ya uzito wa jua, basi mvuto wake ni mdogo. Tatizo ni kwamba haupumziki.

Newton mwenyewe aliliona hilo, na lilimkosesha raha. Aliandika kuwa vivuto hivi vidogo vitaendelea kulimbikizana mpaka mfumo mzima uhitaji kupangwa upya na Muumba. Leibniz, hasimu wake wa Ujerumani, akamdhihaki: kwani Mungu ni fundi saa gani huyo, ambaye saa yake haiendi mpaka aitie ufunguo kila baada ya muda?

Karne iliyofuata Wafaransa waliichukua kesi hii. Ilikuwa imeshagundulika kuwa Mshtarii inazidi mwendo kidogo kidogo na Zohali inapunguza, kama kwamba moja itakuja kuangukia kwenye jua na nyengine itapotelea mbali. Mwaka 1785 Pierre-Simon Laplace alionyesha kuwa hakuna kinachopotea. Mizunguko mitano ya Mshtarii, kila mmoja miaka 11.86, inakaribia kulingana na mizunguko miwili ya Zohali ya miaka 29.46. Kwa hivyo sayari hizo mbili hukutana karibu sehemu zilezile na kusukumana kwa mtindo uleule kwa muda mrefu, kisha msukumo unageuka na zinarudishiana walichochukuliana. Mzunguko mzima wa kupeana na kurudishiana huchukua kama miaka 900. Yeye na Lagrange, mwanahisabati mwenzake, walionyesha pia kuwa, kwa kiwango cha hesabu walichofikia, umbali wa wastani wa sayari kutoka kwenye jua hautoki ukaenda zake; unacheza tu, mbele na nyuma.

Watu wakapumua. Laplace akafika mahali pa kusema kuwa akili ambayo ingejua kila kitu kilipo na kila nguvu inayokivuta, isingekuwa na jambo lolote la kesho lililofichika kwake. Sentensi hiyo naipenda na kuishuku kwa pamoja. Ni kweli kabisa, na haina faida kwa mtu yeyote mwenye rula.

Aliyeipasua alikuwa Henri Poincaré, mwanahisabati Mfaransa, na kisa chake ndicho ninachokipenda kuliko vyote katika habari hii. Oscar wa Pili, mfalme wa Sweden na Norway, alitangaza zawadi ya kusherehekea kutimiza kwake miaka 60, tarehe 21 Januari 1889. Miongoni mwa maswali yaliyowekwa lilikuwamo hili la sayari nyingi zinazovutana. Poincaré hakulimaliza, ila aliandika mengi mazuri juu ya miili mitatu tu, akapewa ushindi. Karatasi ikapelekwa kupigwa chapa. Wakati inakaguliwa, mhariri kijana akauliza juu ya mahali ambapo hakupafahamu vizuri. Poincaré akarudi kupachungua, akaona kosa, na kosa lenyewe si la kalamu bali la moyo wa hoja. Nakala zilizokwisha kuchapwa zikakusanywa kimya kimya. Akalipia mwenyewe gharama za kuchapa upya, na gharama hizo zilizidi fedha za zawadi aliyopewa.

Lakini ndani ya kosa hilo ndimo alimolikuta jambo ambalo leo tunalijua kuliko ushindi wake. Katika karatasi mpya, iliyotoka 1890, alieleza kuwa miili mitatu tu inayovutana kwa sheria isiyo na shaka hata chembe inaweza kwenda kwa namna iliyosokotana kiasi kwamba baadaye aliandika kuwa hata kuichora hathubutu. Tofauti ndogo mwanzoni, ndogo kuliko chombo chochote cha kupimia, huja kuwa tofauti kubwa baadaye.

Hapa ndipo nilipomwambia ami tusimamishe mchezo.

Bao lina mashimo 32 na kete 64. Halina dadu. Hakuna bahati ndani yake. Ukijua kete zimekaa vipi na mchezaji ameanzia wapi, mwisho wa mwendo unajulikana. Nikamwomba ami acheze mwendo aliokuwa ameukusudia. Akachota, akagawa shimo kwa shimo, kete ya mwisho ikaangukia shimo lenye kete, akachota tena, akaendelea, akalala kwenye shimo tupu karibu na kichwa. Tukarudisha kila kitu kama kilivyokuwa, ila kete moja tu niliitoa shimo lake nikaitia la jirani. Mwendo uleule, kuanzia palepale. Safari hii raundi ya kwanza ilimalizikia shimo tupu. Akalala hapohapo. Zamu ikawa yangu, na mtaji nilioupata ungekuwa haupo kabisa. Tulipofika mwendo wa nne, ukiangalia bao la kwanza na la pili usingedhani zimeanza zikiwa ndugu.

"Lakini sheria hazijabadilika," akasema ami.

Hazijabadilika. Ndiyo maana neno la wanasayansi, ambalo kwa Kiswahili tunalitafsiri kuwa vurugu, linapotosha. Mtu akisikia vurugu anadhani sayari zimelewa, zinakwenda ovyo. La. Kila sayari inafuata sheria kwa utiifu kuliko askari. Kilichovurugika ni uwezo wetu wa kujua.

Wala si kila kosa la hesabu lina tabia hiyo. Wazee wetu walikuwa na mwaka wa jua wa siku 365, wakianzia Nairuzi na kuhesabu miongo ya siku kumi kumi, na kwa hesabu hiyo wakajua wakati wa kupanda na wakati wa kusafiri. Makunduchi hadi leo wanauoga mwaka huo kila Julai. Mwaka wa kweli wa jua una siku 365 na karibu robo. Basi ile robo inayoachwa huifanya Nairuzi ya hesabu ya kale itangulie siku moja kila miaka minne, na katika miaka mia imetangulia siku 24. Hili ni kosa, lakini ni kosa la kujumlisha. Linatambaa kwa mwendo mmoja. Mtu mwenye kalamu anaweza kukwambia litafika wapi baada ya miaka elfu, na akalisahihisha.

Kosa la sayari ni la kuzidisha. Mwaka 1988 Wamarekani wawili, Gerald Sussman na Jack Wisdom, walitumia kompyuta iliyoundwa kwa kazi hiyo tu wakaona kuwa mwendo wa Pluto una tabia ya bao. Mwaka uliofuata Jacques Laskar wa Paris akaonyesha kuwa sayari za ndani, yaani Utaridi, Zuhura, Dunia na Mirihi, nazo ni hivyohivyo. Alitoa mfano ambao tangu niusome sijausahau. Tuseme leo tumekosea kujua Dunia ilipo kwa mita 15, yaani urefu wa jahazi. Baada ya miaka milioni 10 kosa limekuwa mita 150. Si kitu. Kama lingekuwa kosa la Nairuzi, lingeongeza mita 135 nyengine kila miaka milioni 10, na baada ya miaka milioni 100 lingekuwa kilomita moja na kitu. Lakini hili linazidishwa kwa kumi kila mara. Milioni 20, kilomita moja na nusu. Milioni 30, kilomita 15. Milioni 60, kilomita 15,000, yaani limeshaupita upana wa Dunia yenyewe. Milioni 100, kilomita milioni 150, ambao ni umbali wote wa kutoka hapa hadi kwenye jua. Maana yake hujui tena Dunia iko upande gani wa jua.

Na usidhani dawa ni kupima vizuri zaidi. Punguza kosa la mwanzo liwe mara kumi dogo, utakuwa umejinunulia miaka milioni 10 tu ya ziada. Kupimia sayari nzima kwa usahihi wa unene wa unywele ni kazi ya majini, na hata majini wangefika milioni mia moja na kitu wakasimama.

Sasa, miaka milioni 100 ni mingi kwa binadamu, ila kwa mfumo wa jua ni kama wiki moja. Umri wake ni karibu miaka bilioni 4.6. Kupatwa kwa jua kwa karne zijazo kunajulikana kwa dakika, na maji ya bamvua ya mwakani yamekwisha kuandikwa kwenye majedwali ya bandari. Ukiuliza miaka bilioni tatu ijayo, majedwali yote ni karatasi za kufungia vitumbua.

Kuna ubaguzi mmoja mzuri, na unahusu wale wawili walionong'onezana Agosti. Mvuto wa pamoja wa Zuhura na Mshtarii huifanya duaradufu ya Dunia ibonyee na kuviringika tena kila baada ya miaka 405,000, na mapigo haya ni imara sana. Alama yake imekutwa Marekani katika miamba yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 200, kama mistari ya maji kwenye nguzo ya gati. Kwa hivyo ndani ya vurugu zimo saa zinazokwenda sawa.

Zile sayari kubwa za nje, kuanzia Mshtarii hadi Neptuni, hazitii hofu. Ni nzito, zimeachana mbali, na kila hesabu inazikuta zimetulia mpaka mwisho. Palipo pabovu ni upande wa ndani, na hasa kwa mmoja.

Utaridi ndiyo nyepesi kuliko zote. Dunia moja ni sawa na Utaridi 18. Njia yake ndiyo iliyobonyea kuliko zote: mara iko kilomita milioni 46 kutoka kwenye jua, mara milioni 70. Duaradufu hiyo haikai ikielekea upande mmoja. Nayo inageuka polepole, kama sinia linalozungushwa juu ya meza, na huchukua miaka kama 230,000 kugeuka mara moja. Njia ya Mshtarii nayo ina mgeuko wake mmoja wa aina hiyo, wa miaka kama 300,000. Namba hizo mbili zinakaribiana kuliko inavyotakikana.

Aliyewahi kumsukuma mtoto kwenye pembea siku ya Idi, pale Tibirinzi, anajua hatari iliyopo. Ukisukuma ovyo, pembea haiendi popote. Mara unaiongeza, mara unaizuia. Ukisukuma kila inapofika kwako, hata kwa kidole kimoja, itapanda hadi mama wa mtoto aje kukugombeza. Mgeuko wa Utaridi ukija kulingana na ule wa Mshtarii, Mshtarii itakuwa inasukuma kwa wakati wake kila mara. Njia ya Utaridi itazidi kubonyea, ikawa ndefu na nyembamba, mpaka iikate njia ya Zuhura au ncha yake iguse jua.

Na hapa anaingia mtu ambaye hukumtarajia. Tangu 1859 Urbain Le Verrier, mwanafalaki Mfaransa, alikuwa ameona kuwa mgeuko wa Utaridi una ziada ambayo sheria ya Newton haiielezi. Ziada yenyewe ni sekunde 43 za tao kwa karne. Gawa digrii moja mafungu 3,600, uchukue 43, uyasubiri miaka mia. Le Verrier alidhani kuna sayari iliyojificha karibu na jua, na watu wakaitafuta kwa miongo mingi wasiione. Novemba 1915 Albert Einstein akaonyesha kuwa ziada hiyo inatoka kwenye uvutano wenyewe, ambao karibu na jua hauwi kama Newton alivyodhani.

Vitabu huishia hapo, kama ushahidi kuwa Einstein alikuwa sahihi. Sehemu iliyobaki ndiyo inayonisisimua zaidi. Ule mwendo mdogo wa ziada huufanya mgeuko wa Utaridi uwe na kasi kidogo, na hivyo kuutenga na mapigo ya Mshtarii. Laskar na wenzake walipoipa kompyuta sheria za Newton peke yake, zaidi ya nusu ya hesabu zilimalizika kwa Utaridi kuharibikiwa kabla ya miaka bilioni 5. Walipotia ile ziada ya Einstein, hesabu zilizoharibika zikashuka hadi kama moja katika mia. Sekunde 43 kwa karne ndizo zinazomzuia anayesukuma pembea.

Hiyo moja katika mia ilitoka kwa kazi aliyoifanya Laskar pamoja na Mickaël Gastineau, ikachapishwa 2009. Kwa kuwa hawawezi kujua hali kamili ya leo, hawakutafuta jibu moja. Waliendesha mfumo wa jua mara 2,501, kila mara miaka bilioni 5. Tofauti baina ya mmoja na jirani yake ilikuwa njia ya Utaridi kusogezwa milimita 0.38. Kutoka wa mwanzo hadi wa mwisho haikufika mita moja. Kete moja, shimo la jirani.

Nyingi zilipita salama. Zuhura ilibaki Zuhura na Mirihi ilibaki Mirihi. Karibu hesabu 20 Utaridi iliharibika njia, kiasi cha kuweza kuanguka kwenye jua au kugongana na Zuhura, Dunia ikitazama tu. Ila moja ilikuwa mbaya. Utaridi ilipovurugika ilizitikisa na nyengine, na baada ya miaka bilioni 3.34 Mirihi ikapita kilomita 794 kutoka kwenye Dunia. Hiyo ni pungufu ya umbali wa ndege kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza. Sayari nzima.

Wakaichukua hesabu hiyo moja, wakairudia mara 201 kwa kuibadilisha kidogo sana kabla ya tukio. Mara 5 Mirihi ilitupwa nje ya mfumo wa jua. Mara 196 zilizobaki palitokea mgongano wa namna fulani: Dunia na Mirihi mara 29, Zuhura na Dunia mara 18, Utaridi na Dunia mara moja. Nyingi kuliko zote, mara 48, Mirihi iliingia kwenye jua.

Magazeti mwaka ule yaliandika kuwa wanasayansi wamesema Dunia itagongana na Mirihi. Hawakusema hivyo. Walisema kuwa katika hesabu 2,501, moja ilifika mahali ambapo hilo linawezekana. Anayeondoa ile 2,501 na kubakisha ile moja anaifanya kazi ileile ya mtu wa video ya WhatsApp, tofauti ni muziki tu.

Ami alisikiliza yote, akauliza kama kitu hicho kimewahi kutokea hata mara moja, au ni mambo ya kwenye kompyuta. Nikamwonyesha upande wa mashariki, kisha nikakumbuka mwezi ulikuwa haujachomoza. Maelezo yanayokubalika zaidi leo ni kwamba kama miaka bilioni 4.5 iliyopita, Dunia ikiwa bado changa, sayari yenye ukubwa wa Mirihi iliigonga. Vifusi vilivyorushwa vikakusanyika vikawa mwezi. Mawe yaliyoletwa na safari za mwezini za Apollo kati ya 1969 na 1972 yanafanana sana na miamba ya hapa kwetu, kama udongo wa mfinyanzi mmoja. Vioo vilivyoachwa huko vinapigwa miale ya leza kutoka duniani, na vinaonyesha kuwa mwezi unatuacha kwa sentimita 3.8 kila mwaka.

Jambo hili lilimgusa kuliko namba zangu zote. Mtu ambaye maisha yake yote amepangiwa na bamvua na maji mafu, anayejua siku gani fungu la mchanga litatoka na siku gani atabeba chombo juu ya magogo, aliambiwa kuwa hayo maji yanavutwa na kipande cha ajali. Bila ya mgongano ule, maji yetu yangekuwa yakijaa na kupwa kwa mvuto wa jua peke yake, ambao haufiki hata nusu ya ule wa mwezi.

"Sasa hiyo miaka bilioni tatu," akasema, "sisi tutakuwa wapi?"

Jua linazidi kung'aa, kama asilimia 10 kwa kila miaka bilioni. Ni kidogo, lakini inatosha. Baada ya bilioni moja au zaidi kidogo, joto litakuwa limepanda hadi bahari zianze kukauka na mvuke wake upotee angani. Mirihi ikija kupita kilomita 794, kama itakuja, itapita juu ya nchi kavu ya ukingo hadi ukingo. Kisha, baada ya kama bilioni 5, jua litavimba liwe jekundu, na Utaridi pamoja na Zuhura zitamezwa bila ya hesabu yoyote ya milimita.

Ami alinyamaza kidogo, akiangalia bao.

"Kumbe bahari ndiyo itakayotangulia," akasema, akarudisha ile kete kwenye shimo lake la mwanzo na kuuliza ilikuwa zamu ya nani.